Mwenyekiti Huosha Kipande cha Kwanza

Sukanti alikuwa ameinama juu ya taa ya mafuta, mrija wa kupulizia moto ukiwa mdomoni, mtu alipokohoa mlangoni. Hakuinua kichwa. Waya wa fedha ukishaanza kuwa mwekundu hauachwi, hata aliyesimama mlangoni awe nani. Ukichelewa kidogo tu unayeyuka na kubaki tone. Alimaliza kuunga mkia wa tausi, akautumbukiza kwenye maji, ukatoa mlio kama wa mtu anayesonya, ndipo akageuka.

Alikuwa Bidyadhar, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu ya mtaa wa Champasahi, mwenye duka kubwa la fedha na karakana ya kusafishia madini nyuma yake. Sukanti hakuwa amemtazama usoni tangu siku maiti ya mumewe ilipochomwa kando ya mto Kathajodi.

"Shemeji," alisema Bidyadhar, sauti imelainika kama samli, "hata kukaribishwa hamna?"

"Mlango uko wazi, mzee. Mbuzi wa mtaa mzima huingia bila kukaribishwa."

Bidyadhar akacheka kicheko cha kujilazimisha. Akavua viatu, akatafuta kiti kwa macho, hakukiona, akakaa mkekani kwa shida. Tambuu ilikuwa shavuni. Akaanza kuzunguka: mvua mwaka huu zimezidi, mto Mahanadi umepanda hadi kwenye ukuta wa mawe walioujenga wafalme wa zamani, vijana wote wa ufundi wanakimbilia mji wa Surat kwenye viwanda vya nguo, vitu vya fedha vya kumiminwa kwa mashine vinaletwa na malori na kuuzwa bei ya karanga, mji wetu wa Cuttack wa leo si ule wa zamani. Sukanti alimwacha amalize. Mtu wa aina ile hazungumzii mvua kwa sababu ya mvua.

"Shida yenyewe," alisema mwishowe, "ni tao la Mama."

Mikono ya Sukanti iliendelea kupanga vipande vya tausi juu ya kibao.

Katika mji huu, kila mtaa wa zamani una sanamu yake ya udongo ya mungu wa kike, Mama Durga, na nyuma ya kila Mama husimama tao la fedha, refu kuliko nyumba, limesukwa kwa nyuzi nyembamba kama nywele. Mama wa udongo hupelekwa mtoni sikukuu ikiisha, akayeyuka. Fedha hushushwa, hufungiwa kwenye masanduku, hulindwa na askari, na mwaka unaofuata hupanda tena. Watu huja kwa treni kutoka mbali, hutembea mtaa hadi mtaa na watoto mabegani, na kazi yao kubwa ni kulinganisha. Tao la nani limeng'aa? La nani limechoka? Mtaa wenye tao baya huzomewa mwaka mzima sokoni.

Tao la Champasahi lilisukwa na Banambar, mume wa Sukanti. Lilimla macho. Sukanti ndiye aliyevuta waya wake, akiupitisha kwenye bamba la matundu, tundu kubwa, tundu dogo, tundu dogo zaidi, hadi viganja vikatoka malengelenge. Katikati ya tao Banambar aliweka yungiyungi kubwa, petali juu ya petali, na kila petali aliipinda kwa namna ambayo hakuna fundi mwingine aliyewahi kuipata. Miaka ile walikuwa wakila wali uliolala kwenye maji, kwa chumvi na pilipili, na Sukanti hakumbuki kama aliwahi kulalamika.

Kisha ukaja mwaka ule. Bidyadhar alikuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mwenyekiti, na alitaka kuwafunga mdomo watu wa Dagarasahi, mtaa wa ng'ambo ya barabara. Alichukua vipande vyote vya tao akaviosha kwenye karakana yake, na siku lilipopanda, weupe wake uliumiza macho. Watu walipiga vigelegele. Bidyadhar alishika kipaza sauti akasema ni dawa ya siri, ya babu yake mzaa baba, na hatoi fomula hata akibembelezwa. Walimvika mashada ya maua mpaka masikio yakapotea.

Sikukuu haikuwa imefika mwisho yungiyungi lilipokatika. Lilianguka miguuni mwa Mama, na nusu ya tao ikafuata. Wanawake walilia kama waliofiwa. Kabla mtu yeyote hajauliza kitu, Bidyadhar alikuwa amekwisha kushika kipaza sauti: fundi ametuibia, jamani, fundi amesuka waya mwembamba na kuuza fedha ya Mama! Watu walimtoa Banambar nyumbani, wakamketisha chini mbele ya banda la Mama, wakamvika shada la viatu. Aliomba jambo moja tu, aoneshwe palipokatika. Hawakumwonesha. Masanduku yalifungwa.

Baada ya siku hiyo hakuna mtaa uliompa kazi. Banambar alisukuma mkokoteni wa kuuza chakula kando ya handaki la ngome ya zamani, akiwapakulia watalii bajia za mtindi na mchuzi wa viazi kwa mikono ile ile. Usiku alikuwa akijiuliza kwa sauti: nilikosea wapi? Nililehemu vibaya? Sukanti alimwambia mara nyingi kwamba hakukosea. Hakumwamini. Alikufa masika ya mwaka uliofuata bila kujua. Daktari aliandika mapafu.

"Tao la Mama limefanya nini?" aliuliza Sukanti.

"Mwaka huu ni jubilii ya banda letu. Miaka yote hii badala ya tao tumesimamisha maboksi ya sponji yaliyopakwa rangi, Dagarasahi wanatucheka. Kamati imesema tao lirudi. Nimempa fundi Dhruba alitengeneze, amelirudisha. Anasema ule ni mkono wa marehemu, hajui alivyoupinda." Akameza mate mekundu. "Wanasema wewe unajua."

"Wanasema."

"Malipo yatakuwa mazuri, shemeji. Yaliyopita yamepita. Banambar alikuwa kama mdogo wangu."

Sukanti alitazama mikono ya yule mtu, minene, laini, pete kwenye vidole. Alitamani kumwambia atoke. Lakini palikuwa na jambo ambalo mumewe aliliomba akiwa na viatu shingoni, na sasa linaletwa lenyewe mlangoni.

"Leteni masanduku," alisema.

*

Haramani alikuja hata kabla masanduku hayajashushwa kwenye mkokoteni. Alikuwa bibi jirani, mjane wa siku nyingi, mwembamba kama ufagio, ndiye aliyemwazima Banambar mkokoteni wa kuuzia chakula dunia nzima ilipomgeuzia kisogo. Alisimama kizingitini, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo ni kweli. Umekubali kumtengenezea mbwa yule."

"Namtengenezea Mama, bibi."

"Mama hana duka la fedha! Mama hakumvika mumeo viatu! Ukishamaliza kazi hiyo usinisalimie, na ukinikuta bombani pitisha macho kama sipo."

"Nikikukuta bombani nitakupisha uchote kwanza, kama kawaida."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Alikaa chini. "Angalau mtoze mpaka alie."

Askari aliyeletwa kulinda alijilaza barazani, na muda si mrefu akaanza kukoroma. Sukanti akafungua sanduku la kwanza.

Yungiyungi lilikuwa juu kabisa, limefungwa kwenye kitambaa chekundu. Alilishika kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Kisha akalipeleka dirishani penye mwanga, akaligeuza na kuligeuza, mpaka Haramani akauliza kama ameona nyoka.

Nyuzi za mbele zilikuwa zimekonda. Hazikukonda sawasawa kama waya uliovutwa mwembamba. Zilikuwa zimelika, hapa nene, hapa nyembamba, zimejaa vishimo kama ukuta unaopigwa na mvua ya chumvi. Sukanti alichukua kibano, akang'oa kiduara kilichofunika katikati ya ua. Chini yake, mahali ambapo hakuna maji yoyote yaliyofika, waya ulikuwa mzima na mnene, vile vile alivyouvuta kwa mikono yake. Aliupima kwenye tundu la bamba. Ulikaa.

Hakuna aliyeiba kitu. Fedha ya Mama ilikuwa imelambwa na tindikali kali, ile wanayotumia wasafishaji wa madini, ambayo hula fedha na kuifanya maji. Na yale maji hayamwagwi. Mwenye karakana anajua namna ya kuirudisha fedha kutoka ndani yake. Tao lilitoka kwa Bidyadhar likiwa jeupe na jepesi, na uzito uliopungua ulibaki kwenye mitungi yake.

"Sukanti. We mtoto. Mbona umekuwa hivyo?"

"Hakukosea," alisema Sukanti. "Alilehemu vizuri."

Hakulia. Alikuwa amemlilia Banambar kwa kumkosa, lakini hiki kilichokuja sasa hakikuwa na machozi ndani yake. Kilikuwa kikavu. Kilikaa kifuani kikaanza kufikiri.

Alimweleza Haramani alichokiona. Bibi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Twende! Twende sasa hivi kwa kamati! Twende tukamtoe ndani na nguo zake za kulalia!"

"Tukaseme nini? Watasema mjane anamtetea mumewe. Watasema waya nimeukwangua mwenyewe. Ana pesa, ana kipaza sauti, nusu ya kamati wanakopa dukani kwake." Sukanti alilifunga ua kwenye kitambaa. "Nataka aseme yeye. Kwa mdomo wake, mbele ya wale wale."

"Na atasemaje? Utampikia uji wa kusemesha?"

"Siku ya kuosha tao, bibi, njoo usimame mbele kabisa. Wewe una kumbukumbu nzuri na sauti yako haihitaji kipaza."

Haramani alimtazama kwa jicho moja, kama kuku. "Hilo nalijua. Marehemu mume wangu alikuwa akilalamika."

*

Alifanya kazi kwa wiki nyingi, mgongo ukiwaka moto. Alivuta waya mpya, akasokota nyuzi mbili mbili, akazipiga bapa, akazipinda. Petali za Banambar zilikuja mikononi mwake zenyewe. Wakati mwingine alisikia kabisa akimwambia, usiibane hapo, iache ipumue. Watu wa maduka ya watalii walimtumia ujumbe kuuliza tausi na jahazi za fedha za kuuza kwenye maonyesho ya Bali Jatra, watakaposimamisha mabanda yao kwenye mchanga wa Mahanadi kuwakumbuka wafanyabiashara waliosafiri zamani kwenda Bali na Java. Aliwajibu wasubiri. Hakupata faida yoyote mwezi ule, na hakujali.

Kwenye rafu, nyuma ya picha ya Banambar, ilikuwapo chupa ya tindikali. Kila fundi anayo kidogo. Siku moja, kazi ikikaribia kwisha, Sukanti aliteremsha beseni la udongo lililopakwa kioo, la aina ile wanayotumia kwenye karakana za kusafishia, kwa kuwa shaba huchemka tindikali ikigusa. Akamimina kidogo. Akatupia kipande cha waya. Kiliviringika, kikatoa mapovu na moshi wa rangi ya kutu, kikaisha.

Alitazama mpaka mwisho. Alifikiria mikono yenye pete ikiingia mle. Desturi ya mtaa inasema mwenyekiti ndiye huosha kipande cha kwanza, kwa mikono mitupu, kwenye maji ya ndimu, hadharani, kabla fedha haijapanda kwa Mama. Angechovya mwenyewe, kwa hiari yake, watu wakipiga makofi. Sukanti aliliwaza jambo hilo polepole, akaona lina utamu, na hakuogopa utamu wake. Kilichomzuia hakikuwa huruma. Mkono hauendi peke yake, mkono ungeshika yungiyungi. Yule mtu alikwisha kulilisha tindikali ua la Banambar mara moja. Sukanti hangelilisha mara ya pili.

Akaimwaga shimoni nyuma ya nyumba, akalisuuza beseni mara nyingi kwa maji na majivu. Halafu akaenda sokoni kununua ndimu.

Alijua sasa anachokiweka rehani. Mtu asiyejua lolote atachovya mikono kwenye beseni lolote, la udongo au la shaba. Bidyadhar akichovya bila wasiwasi, yatakuwa maji ya ndimu tu, atashangiliwa, na Banambar atabaki mwizi maisha yote ya mji huu. Hakukuwa na njia nyingine.

*

Siku ya kuosha mtaa ulifurika. Ngoma zilikuwa zimeanza, watoto wamevaa nguo mpya zinazonuka duka, na wapinzani wa Dagarasahi wamejipanga ng'ambo wakijifanya wanapita tu. Mama alikuwa amesimama ndani ya banda, kichwa kitupu, mikono kumi imenyooshwa. Vyungu vya ubani vilifuka moshi mzito hadi macho yakawasha. Sukanti mwenyewe ndiye aliyeomba viongezwe, harufu ya ndimu ipotee.

Alikuja na yungiyungi kwenye sinia, sari yake nyeupe imefuliwa. Mwanamke mmoja wa kamati alinong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba mjane hakai karibu na Mama siku kama hii.

"Na wewe unayekaa karibu umesuka nini?" alijibu Haramani kutoka mbele. "Midomo?"

Watu wakacheka. Katibu, kijana mmoja aitwaye Prafulla, akapiga kipaza sauti kwa kidole. "Ndugu zangu wa Champasahi! Mwenyekiti wetu mpendwa sasa ataosha kipande cha kwanza!"

Bidyadhar alikuja akitabasamu, amevua pete, amekunja mikono ya kanzu. Sukanti akaweka beseni mbele yake, akalifunua.

Tabasamu lilikawia mahali pake. Macho yake yalitua kwenye udongo uliopakwa kioo, yakapanda kwa Sukanti, yakarudi.

"Beseni la shaba liko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Siku zote ni la shaba."

Sukanti hakumjibu yeye. Aligeuka, akamwomba Prafulla kipaza sauti. Hakuwa amewahi kukishika; kilikuwa kizito kuliko alivyodhani.

"Wakubwa zangu, nawaamkia miguuni," alisema. "Mnakumbuka mwaka ule tao lilivyong'aa. Hata Dagarasahi walifumba macho." Kelele za kukubali. "Mwenyekiti alituambia ni dawa ya babu yake. Nimeona jubilii isipite bila dawa ile. Nimeitafuta, nikaipata. Humu ndani ni dawa ile ile, ya karakana ile ile. Namshukuru mwenyekiti. Sasa aoshe, Mama ang'ae kama mwaka ule."

Umati ukalipuka kwa makofi. Ngoma zikaongezwa. Mtu alirusha maua. Sukanti akaliinua yungiyungi, akaliweka kwenye viganja vya Bidyadhar, na viganja vile vilikuwa vimelowa.

Moshi wa ubani ulikuwa ukitambaa juu ya maji, na kupitia moshi ule maji yalikuwa meupe, yametulia, hayasemi kitu. Chovya basi, alimwambia moyoni. Kama mume wangu alikuwa mwizi, chovya.

"Shemeji," alinong'ona Bidyadhar, "unafanya nini?"

"Wakati unapita, mzee. Kuhani anasubiri."

Akainamisha mikono. Ngoma zikapanda. Vidole vyake vilikaribia maji, karibu kabisa, na kwa kitambo Sukanti aliona dunia yake yote ikielekea kuanguka. Kisha Bidyadhar akajirusha nyuma kama aliyeumwa na nge, yungiyungi limekumbatiwa kifuani.

"Sitii mkono humu! Mwehu huyu! Si maji haya!"

Ngoma zikafa moja moja.

"Si maji, ni nini?" aliuliza Sukanti, na kipaza sauti kikalipeleka swali hadi ng'ambo ya barabara.

"Ni tindikali! Anataka kuniunguza mbele yenu! Mnaona beseni? Ni la tindikali hilo! Ua hili likiingia humu linaisha, waya wote unaliwa, tao zima linaanguka!"

Haramani alisogea hatua moja.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. "Mimi ni mzee, nisaidie. Hii si ndiyo ile dawa ya babu yako?"

"Dawa gani! Nimesema ni tindikali!"

"Lakini yeye amesema ni ile ile uliyooshea mwaka ule. Hukumkatalia. Hukusema, hapana, yangu ilikuwa maji ya majani, maji ya sabuni. Umeliangalia beseni tu ukajua. Umejuaje?"

"Mimi ni mtu wa fedha, lazima nijue..."

"Basi tuambie ya babu ilikuwa nini! Sema! Na mwaka ule ulipooshea tao kwa dawa ya siri, si ndio mwaka tao lilipoanguka, au nimechanganya? Jamani, nimechanganya?"

Hakuna aliyesema kwamba amechanganya. Sauti ilianza nyuma, ya fundi Dhruba, ambaye alikuwa amelishika tao lile mikononi na kulirudisha: "Nyuzi zimelika. Mimi niliziona. Nilinyamaza." Akainama. Ikafuata nyingine, na nyingine.

Bidyadhar aligeuka kulia, akageuka kushoto. "Ilikuwa kidogo tu," alisema. "Nilichanganya na maji. Nilitaka ling'ae, kwa ajili yenu, kwa ajili ya mtaa! Sikujua litakatika." Alikuwa kama anazungumza na mtu mmoja mmoja. "Nani hapa hakupiga makofi? Nani?"

"Na yale maji?" aliuliza Sukanti. "Ulioshea fedha ya Mama. Maji yake uliyapeleka wapi?"

Mafundi waliokuwapo walielewa kabla ya wengine, na mngurumo ulianza kwao.

Sukanti alirudisha kipaza sauti kwa Prafulla. Akakunja mikono ya blauzi hadi viwiko, akaingiza mikono yote miwili ndani ya beseni. Wanawake walipiga mayowe. Aliisugua polepole, akaitoa, akaiinua juu ikidondoka, mizima. Akachukua chembe ya ndimu iliyonasa ukuchani, akaitia mdomoni, akaitafuna.

Hapo ndipo mtaa uliponguruma. Walimjia Bidyadhar kutoka kila upande, viatu vimevuliwa mikononi, na kijana mmoja alikuwa amekwisha kupitisha kamba kwenye kandambili. Kanzu ya mwenyekiti ilichanika begani. "Mwacheni avae na yeye!" walipiga kelele. "Mfukuzeni mtaani! Chagueni mwingine!"

"Hapana," alisema Sukanti.

Ilibidi aseme mara nyingi. Haramani ndiye aliyewanyamazisha, kwa kuwapiga mgongoni na mfuko wake wa tambuu.

"Mkimfukuza ataenda mji mwingine na duka lake, atanenepa," alisema Sukanti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayejadili bei ya waya. "Banambar hakupata pa kwenda. Alipita mbele yenu kila siku na mkokoteni, mkamwangalia. Mwacheni huyu abaki. Mwacheni awe mwenyekiti. Kila mwaka asimame hapa mbele ya watu wote aoshe kipande cha kwanza, na kila mwaka mtoto atakayekuwa hajazaliwa leo amuulize mama yake kwa nini watu wanamtazama vile."

"Umesamehe?" aliuliza Prafulla, hakuelewa.

"Nani amesema nimesamehe?"

Kundi lililegea kidogo kidogo. Baadhi ya wanaume, wale waliokuwa wamemshika Banambar mabega mwaka ule, walikuja mmoja mmoja kumgusa Sukanti miguu. Aliwaacha waguse. Hakuwawekea mkono kichwani kama inavyopasa, na waliondoka bila baraka, macho chini.

Bidyadhar aliosha yungiyungi kwenye maji ya ndimu. Aliliosha vibaya, na hakuna aliyepiga ngoma. Kisha ikaletwa ngazi ya mianzi, ndefu, ikaegemezwa kwenye kiunzi nyuma ya Mama. Katibu akauliza nani atapanda, Dhruba au nani.

"Aliyesuka ndiye hupandisha," alisema Sukanti. Yule mwanamke wa kamati alifungua mdomo, akamwona Haramani, akaufunga.

Ngazi ile hushikwa na mwenyekiti. Bidyadhar alikuja akaishika, mgongo kwa watu, begani kanzu ikining'inia. Sukanti akalifunga ua mgongoni kwa kitambaa, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Nyuso zao zilikuwa karibu sana, na aliweza kunusa tambuu na hofu.

"Wewe ungeniunguza," alinong'ona Bidyadhar. "Ungeweza. Niliona machoni mwako."

"Tindikali niliimimina," alisema Sukanti. "Nikaimwaga. Usiniulize kama najuta."

Akapanda. Alipanda bila haraka, kidato kwa kidato, akipita magoti ya Mama, akipita mikono yake ya udongo, mpaka paa za Champasahi zikaonekana na nyuma yao Kathajodi imejaa, rangi ya chai. Ngazi ilitikisika. Chini, uso wa Bidyadhar ulikuwa umeinuliwa, mdogo, vidole vimekuwa vyeupe kwa kushika, na mtaa mzima ulikuwa ukivitazama vile vidole.

"Shika vizuri, mzee," Sukanti alisema kutoka juu, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Nina vipande vingi bado."